Kabla Hujamwacha Mtoto, Mtazame Anayebaki Naye

Mwanamke aliyeajiriwa Zanzibar akijifungua, sheria inampa likizo ya siku 90. Sera ya Elimu ya 2006 nayo inamtaka mtoto aanze skuli ya maandalizi akiwa na miaka minne. Ukiitoa ile miezi mitatu ya likizo, inabaki miaka mitatu na miezi tisa ambayo mtoto lazima awe mikononi mwa mtu, na kumtafuta mtu huyo umeachiwa wewe. Ndiyo maana tukikutana kliniki, harusini, hata ndani ya daladala tumebanana, swali la pili baada ya "hujambo na watoto?" ni lile lile: mtoto unamwacha kwa nani?

Nimeyasikia majibu yote. Wengine kwa bibi yake, wengine wana msichana wa kazi, wengine kituoni, wengine wameacha kazi. Na kila mmoja yuko tayari kukutetea chaguo lake kama anatetea timu ya mpira. Mie baada ya kuzunguka sana nimeona kwamba ubishi wa bibi na kituo, msichana na jirani, unatupoteza. Mtazame kwanza mtu mwenyewe atakayebaki na mtoto. Analala vizuri? Ana maradhi? Ana watoto wangapi wengine mkononi? Analipwa? Akiumwa, nani anampokea? Mtoto wa miezi minne dunia yake yote ni mikono inayombeba, sauti inayomwitikia na uso unaomtazama. Mwenye mikono hiyo akiwa hoi, mtoto anayajua kabla yako wewe mama.

Nianze na bibi, maana kwetu kila mazungumzo yanaanzia hapo. Mama mkwe wangu anakaa Michenzani, kwenye yale majumba yaliyoanza kujengwa enzi za Mzee Karume, ghorofa ya nne, kwa ngazi. Siku ya arobaini tu alishasema: "Mletee bibi yake, utampeleka wapi na mie nipo?" Na alisema kwa moyo wake wote. Lakini kabla likizo haijaisha nilikwenda nikashinda naye kutwa nzima, nikamwona anavyoishi. Akishuka ngazi anashika ukuta, anaweka mguu mmoja, anauleta wa pili pale pale, ndipo ateremke ngazi nyengine. Baada ya chai anameza dawa yake ya presha. Ikishaswaliwa adhuhuri usingizi unamchukua, na ni haki yake, amelea watoto saba wakakua wote. Siku hiyo alikuwepo mjukuu mwengine, mtoto wa wifi yangu, ndiyo kwanza anatambaa. Bibi alikaa kwenye mkeka, akainyoosha miguu yake yote miwili akauziba mlango wa roshani, akabaki hivyo hivyo ili mtoto asipite. Kila mtoto aliposogea, bibi naye aliusogeza mguu. Nilimwona anavyokunja uso kila akiupeleka ule wa kulia.

Nilipomwambia mume wangu, tukakubaliana aende yeye akamwulize. Mkwe akiuliza huwa jambo jengine kabisa. Mama mkwe atadhani simwamini, au simtaki. Mtoto wake wa kumzaa alikaa naye faragha, akamwuliza, "Mama, kweli unaweza, kutoka saa moja mpaka saa kumi, siku tano?" Akanyamaza kidogo, kisha akamwambia, "Nikisema siwezi, si mtasema simtaki mjukuu wangu?"

Jibu hilo sijalisahau. Mabibi wetu hatujawapa nafasi ya kusema hapana. Tunawabebesha mtoto, mfuko wa nepi na chupa, tunakimbilia gari, na jioni tunamkuta amechoka tunasema "bibi anampenda sana mjukuu wake." Anampenda, hakuna anayelikataa hilo. Lakini mapenzi hayashushi presha wala hayaponyeshi magoti, na kumlea mtoto anayetambaa ni kazi ya kusimama, kuinama, kukimbia, kufua na kukesha. Mtu wa miaka sabini tusingemwomba abebe gunia la mchele mpaka ghorofa ya nne, ila mjukuu wa kilo kumi tunampa kila asubuhi na hatuoni neno. Mume wangu alimwambia mama yake kwamba hatutasema hivyo kamwe, na kwamba Ijumaa jioni tutamletea mtoto na sisi wenyewe tutakuwepo. Alifurahi mpaka akatutengenezea mkate wa mchele.

Kwa upande wangu mie, mama yangu yuko Wete. Yeye ushauri wake ulikuwa mfupi: "Mwachishe, umlete." Msomaji wa Pemba ataelewa, kwani wengi wetu tumelelewa hivyo. Mimi mwenyewe nilikaa kwa bibi yangu mpaka nikaanza skuli, na katika maisha yangu hakuna miaka niliyopendwa kama ile. Siidharau hata kidogo desturi hii. Imewawezesha wanawake wengi kusoma na kufanya kazi Unguja. Ila kwanza kuna suala la kunyonya. Suratul Baqara, aya ya 233, inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha, na wazazi wakitaka kumwachisha kabla ya hapo basi iwe kwa kuridhiana na kushauriana wao wawili. Watu wa afya nao wanatwambia maziwa ya mama matupu kwa miezi sita ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula mpaka miaka miwili na zaidi. Sikuona sababu ya kumkatia mwanangu haki hiyo wakati kifua kina maziwa.

La pili ni msimu wa karafuu. Mama yangu bado ana mikarafuu yake michache, na msimu ukiingia nyumba nzima inahamia kwenye karafuu. Wanaume na vijana wako juu ya mikarafuu, wanawake wako chini wanachambua, majamvi yametandazwa uani, na mawingu yakitokea kila mtu anakimbia kuanua. Nilimwuliza mama, wakati huo mtoto atakuwa wapi? Akajibu bila kuzunguka: "Atakuwa jamvini na wenzake, atatazamwa na mkubwa kidogo." Nilimshukuru kwa ukweli wake. Huyo "mkubwa kidogo" ni binti wa kaka yangu, ana miaka tisa.

Hapo ndipo linaponiuma suala la msichana wa kazi. Jamaa walinitafutia mmoja wa shamba, mpole, mwenye adabu, "anajua kila kitu." Nikauliza umri. "Kumi na nne, kumi na tano hivi." Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Sasa mie ninaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, namwachia mtoto mtoto mwenzake, moto wa gesi, ndoo za maji na mlango wa barabarani, na jioni nimlaumu kwa sababu alikuwa anaangalia televisheni? Binti yule alitakiwa awe skuli. Tangu Septemba 1964 elimu ya nchi hii imetangazwa kuwa bure, na bado sisi tuliosoma kwa elimu hiyo ndio tunaowatoa watoto wa wenzetu madarasani waje kutulelea wetu. Jambo hili silisemi kwa upole, kwa sababu nimewaona wasichana hao wanapolala, chini, jikoni, na nimewasikia wanavyoitwa.

Mtu mzima anayefanya kazi ya ndani ni habari nyengine. Shoga yangu mmoja anaye mama wa miaka thelathini na kitu, ana chumba chake, ana siku yake ya mapumziko, mshahara anaupata tarehe ile ile kila mwezi. Yuko naye tangu mtoto wa kwanza na sasa ni wa tatu. Nyumba yangu ni ya vyumba viwili, na sikutaka kumlaza mtu ukumbini na kumwita mmoja wa familia.

Vituo nilikwenda kuviangalia mwenyewe. Kimoja ni cha sifa, kuta zimechorwa samaki na herufi, uwanja una bembea, ada yake imesimama. Nilifika saa saba mchana bila kutoa taarifa, ukweli wa kituo uko mchana, kwa sababu asubuhi kila mtu amejipanga. Watoto walikuwa ishirini na kitu, walezi wawili. Sita kati ya watoto walikuwa hawajaanza kutembea, wamelazwa kwenye magodoro yaliyounganishwa, chumba kina joto, feni moja inazunguka pembeni. Mmoja alikuwa amelala kifudifudi. Mwengine alikuwa macho, ametulia, anaitazama dari, na alikuwa amelowa. Hakulia. Mlezi alipopita karibu yake hata hakugeuka kumtazama, naye mlezi alikuwa na uji mkono mmoja na mtoto anayelia mkono wa pili. Sikumwona mlezi yule kuwa mbaya. Nilimwona ameelemewa. Nikajiuliza ikitokea hitilafu ya umeme moshi ukatanda chumbani, wanawake wawili watawatoa vipi watoto sita wasiotembea na wengine kumi na nne na zaidi wanaokimbia hovyo?

Kituo cha pili kilikuwa kidogo, nyumba ya kawaida tu, na mwenyewe ndiye aliyenihoji mie. Kadi ya chanjo iko wapi? Amepata za wiki ya 6, ya 10 na ya 14? Ya surua na rubella ataipata lini, miezi 9 haiko mbali? Nani ataruhusiwa kuja kumchukua, na akija mwengine nifanye nini? Akilala analalia nini? Mkononi alikuwa na daftari, anaandika. Ningempa mwanangu siku ile ile, lakini kutoka kwangu Fuoni ni gari mbili, na kituo kinafungwa saa nane, wakati ofisi ya serikali inatoka saa tisa na nusu. Saa moja na nusu hiyo, na juu yake safari, imewashinda wengi kabla yangu.

Kwa watoto wakubwa kidogo hali ni afadhali, na ni haki kuwataja waliofanya kazi. Mpango wa skuli za madrasa wa Aga Khan ulioanzia Mombasa ya Kenya katika miaka ya 1980 ulifika Zanzibar mwaka 1990, na ukawafundisha akina mama wa mitaani kuwa walimu wa wadogo kwa vifaa vya hapa hapa: vifuu, mbegu, kokoto, vitambaa vya kanga. Baadaye vikaja vituo vya TuTu, yaani Tucheze Tujifunze, watoto wanakaa na mlezi wa kijijini kwao, redio inafunguliwa, wanaimba, wanahesabu, wanaruka. Nimeviona vikifanya kazi kwenye shehia ambazo hazikuwa na darasa la kuwatosha. Lakini hivyo vyote ni kwa mtoto anayejisemea, anayekwenda chooni mwenyewe. Anayenyonya hana pa kukaa.

Na usidhani ni tabu ya waajiriwa wa mjini peke yao. Nenda Paje au Jambiani kwa wanawake wa mwani. Wanalima tangu mwisho wa miaka ya 1980, na saa zao za kazi zinapangwa na bahari. Bamvua likifika, maji yakitoka wanakwenda nayo, na kila siku saa inasogea mbele. Kituo kinachofungua saa moja na kufunga saa nane kitamsaidia nini mwanamke ambaye leo anaingia pwani asubuhi na wiki ijayo maji yake yanatoka saa nyengine? Anabaki na bibi, au na dada mkubwa anayekosa skuli, au anakwenda na mtoto pwani kamfunga kanga ya kichwa dhidi ya jua. Tunazungumza sana juu ya uchumi wa buluu, yaani uchumi wa bahari. Mie ningependa kila mradi wa mwani unaozinduliwa uwe na kibanda cha makuti chenye kivuli, maji safi na walezi wawili wanaolipwa, kifunguliwe kwa saa za maji. Sidhani gharama yake ingeishinda ile ya mashine za kusaga mwani.

Kuacha kazi nako nilikufikiria. Kuna wanaoacha kwa furaha, na nawaheshimu. Kwetu mshahara wangu ndio unaolipa kodi ya nyumba, basi hapo hapakuwa na mjadala mrefu.

Nilimpata mlezi mtaani kwangu, milango mitatu kutoka nyumbani. Ni mama wa makamo, wanawe wote wako skuli, na alikuwa akikaanga maandazi ya kuuza asubuhi. Nilikuwa namwona tu barazani kwake anavyokaa na watoto wa watu. Anawaitikia. Mtoto akisema "ba ba ba" na yeye anamjibu "ba ba ba, enhee, halafu?" kama anazungumza na mtu mzima, huku akigeuza andazi. Mtoto anacheka, anarudia. Kwa mtoto mchanga mazungumzo hayo ni shule kubwa kuliko herufi zilizochorwa ukutani.

Tulikwenda kwake wawili, mimi na mume wangu, naye alikaa na mumewe. Nilimwuliza maandazi yanamwingizia nini kwa mwezi, akanitajia, tukaanzia hapo kwenda juu. Nililitaka hilo liwe wazi, asije akawa anapoteza riziki kwa kunisitiri mie. Tukaandika kwenye karatasi ya daftari. Watoto hawazidi watatu kwa wakati mmoja. Malipo ni tarehe ya mshahara wangu, hayangoji "kesho". Akiumwa atanitumia ujumbe kabla swala ya alfajiri haijaisha, na siku hiyo ni zamu ya mume wangu au yangu kubaki, na siku yake hakatwi. Mwezi wa Ramadhani anapokea mtoto kwa saa chache kuliko kawaida, kwa kuwa na yeye anafunga na ana futari ya kupika. Sheha anajua kwamba analea. Mume wangu ndiye anayempeleka asubuhi na mie ninampokea, na hapo mtaani walishangaa kidogo kumwona mwanamme na mfuko wa nepi, mpaka wakazoea.

Kwa wale wenye wachanga, la maziwa lilinisumbua sana kwa hiyo nalieleza. Nilikuwa nakamua usiku na alfajiri. Maziwa ya mama yakikaa nje kwenye nyuzi joto 25 hivi yanahesabiwa saa nne, na wakati wa kaskazi nyumba zetu za bati zinapita nyuzi hizo kabla ya saa tatu asubuhi. Basi yalikuwa yanakwenda kwa mlezi ndani ya boksi lenye barafu, na akimpa anampa kwa kikombe kidogo, maana kikombe kinaosheka vizuri na chupa ina pembe zake za kuficha uchafu. Nilimwomba pia amlaze chali kila anapomlaza. Yeye alizoea ubavu, kama alivyolea wanawe, tukalizungumza, nikamweleza kwamba kulala chali kunampunguzia mchanga hatari ya kufa ghafla usingizini, akanielewa. Na yeye amenifundisha mengi, kuanzia kumtambua mtoto mwenye gesi na mwenye njaa kwa kilio tu, mpaka kumwimbia akaoga bila vita.

Jambo moja halikuwemo kwenye karatasi. Nikifika jioni sichukui mtoto nikaondoka. Nakaa barazani dakika chache, nauliza kalala saa ngapi, kala nini, kisha namwuliza na yeye: na wewe leo umeshindaje? Siku nyengine ananijibu mgongo unamuuma. Siku hizo nawapigia mama wa wale watoto wengine wawili, tunapanga nani amwahi mwanawe mapema, na kesho yake wetu anabaki nyumbani kama mume wangu yuko zamu ya usiku. Mama mkwe naye anajua kila kitu, na Ijumaa ni yake.

Januari binti yangu atakuwa ametimiza miaka minne, na tumeshamwandikisha skuli ya maandalizi. Wadogo wanatoka kabla ya adhuhuri, chuoni kusoma Kurani wanaingia baada ya alasiri, na sisi wote wawili tutakuwa kazini. Jirani amekubali kumpokea mlangoni mwa skuli, ampe chakula, amlaze kidogo na ampeleke chuoni, pamoja na mtoto mchanga mpya aliyepata. Malipo ya mpango huo bado tunayazungumza, na nataka tuyamalize kabla skuli hazijafunguliwa.